Stima, Mochari na Barua Yenye Tarehe

Hotuba kwa vikundi vya kujisaidia, Kedowa

Vijana mlioketi nyuma karibu na mlango, sogeeni hapa mbele, kwa sababu mvua ikianza kupiga mabati hamtasikia kitu.

Mliandika mkituomba tuzungumze mambo mawili. Vikundi vya maziwa viliuliza habari ya stima: nguzo zilizosimamishwa zikabaki bila waya, transfoma iliyoungua, na watu wanaopita wakiomba mchango "wa kuharakisha". Vikundi vya akina mama viliuliza jambo zito zaidi. Mtu akifa kifo kisichoeleweka, au msichana akinajisiwa, ushahidi unapelekwa wapi na mbona majibu hayarudi? Mtu anaweza kushangaa kwa nini tunaweka maneno haya mawili katika kikao kimoja. Lakini tulipokaa tukayapima, tuliona yana mzizi mmoja. Yote mawili ni kazi ya serikali, yana ofisi zake, yana pesa zake kwenye bajeti, na yote mawili sisi wananchi huyauliza kwa mtu asiyehusika. Tunamuuliza chifu habari ya transfoma. Tunamuuliza mwakilishi wa wodi habari ya maabara iliyo Nairobi. Naye anatuahidi, kwa sababu kuahidi hakuna gharama, na mwaka unaisha hivyo.

Basi leo tunataka kujua mlango wa kila jambo ni upi, na tukifika mlangoni tunasema nini.

Tuanze na lile la huzuni. Ijumaa jioni, tarehe 30 Juni 2023, lori lilipoteza mwelekeo pale Londiani Junction likawagonga wachuuzi, watu wa boda boda na abiria waliokuwa kando ya barabara. Watu 52 walikufa. Hapo si mbali. Wengi wenu hushukia hapo, na wengine mmeuza viazi na kabeji hapo hapo. Karibu miaka mitano kabla yake, Oktoba 2018, basi lilianguka Fort Ternan, upande ule mwingine wa Kipkelion, wakafa zaidi ya 50. Mara zote mbili nchi nzima ilitulilia na hotuba zikatolewa. Hatutaki kuzirudia. Tunataka kuangalia kazi inayobaki baada ya magari ya viongozi kuondoka: nani anatambua mwili ni wa nani, nani anaandika sababu ya kifo, na mwili unakaa wapi wakati jamaa wako njiani.

Kazi hiyo imegawanywa kwa sheria, na hapa ndipo tunapotea. Mochari ya hospitali ya umma iko mikononi mwa kaunti. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeipa kaunti vituo vya afya, magari ya wagonjwa, makaburi na nyumba za kuhifadhia maiti. Kwa hivyo friji ya mochari ikiharibika, wa kuulizwa ni kaunti, wala msiende kwa mbunge. Lakini polisi ni wa serikali ya taifa. Sheria ya mwenendo wa kesi za jinai, kifungu cha 386, inasema mkuu wa kituo cha polisi akipata habari ya mtu aliyejiua, aliyeuawa, aliyekufa kwa ajali au aliyekufa kwa njia ya kutilia shaka, ni lazima amjulishe hakimu, aende mahali pale, achunguze, na aandike ripoti. Ni lazima, si hisani. Familia inayoambiwa "nendeni mzike tu, haya ni mapenzi ya Mungu" na mtu aliyevaa sare, imenyimwa kitu ambacho sheria imeipa.

Halafu kuna maabara. Sumu, damu, yaliyomo tumboni, DNA: hayo hayapimwi Londiani wala Kericho mjini. Idara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ina makao yake Nairobi na matawi Mombasa na Kisumu. Polisi wa upelelezi nao wana maabara yao ya kitaifa, iliyofunguliwa rasmi Juni 2022 kwenye makao yao ya Barabara ya Kiambu, Nairobi. Ni maabara nzuri. Lakini kutoka hapa Kedowa ni zaidi ya kilomita 200. Ile chupa yenye damu ya mtu wenu inapaswa kufungwa vizuri, iandikwe jina, iwekwe mahali pa baridi, isainiwe na kila anayeipokea, ipande gari, ifike, ipokewe, ipimwe, na ripoti irudi kwa mpelelezi na kwa mahakama. Ikikwama mahali pamoja tu, kesi imekufa. Na wakili wa mshtakiwa haulizi kama mtu wenu alikufa kweli. Anauliza tu: chupa hii ilikuwa wapi kati ya tarehe hii na tarehe ile?

Kulikuwa na sheria iliyotegemewa kuponya jambo hili. Mwaka 2017 Bunge lilipitisha sheria ya kuunda huduma ya taifa ya uchunguzi wa vifo, yaani ofisi maalumu ambayo kazi yake ni kuchunguza vifo vya ghafla na vya kutatanisha bila kuwaachia polisi peke yao. Sheria ikasainiwa, ikachapishwa, ikawekwa kabatini. Ilipofika Aprili 2023, miili ilipoanza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ofisi hiyo ilikuwa bado haijaanza kazi.

Hebu tukae kidogo na Shakahola, kwa sababu inatufundisha kuliko hotuba nyingi. Miili zaidi ya 400 ilitolewa ardhini. Mochari ya Malindi ikajaa, makontena ya baridi yakaletwa. Jamaa walitoka pande zote za nchi wakatoa sampuli za DNA ili watu wao watambuliwe. Miili ya kwanza ilikabidhiwa familia Machi 2024. Hesabuni wenyewe: ni karibu mwaka mzima wa kungoja, tena katika jambo ambalo dunia yote ilikuwa inatazama, na Rais alikuwa ameunda tume. Sasa fikirieni sampuli moja ya mama mmoja kutoka kijiji cha huku, ambayo hakuna mwandishi wa habari hata mmoja anayeiuliza.

Wengine wenu mtasema, basi tudai maabara yetu hapa Kericho. Tunawaelewa, na kudai huduma iwe karibu ni haki. Lakini maoni yetu, na mnaruhusiwa kuyapinga, ni kwamba tusianzie kwenye jengo. Majengo tumeyaona. Tumeona zahanati yenye rangi mpya na kabati tupu. Maabara bila mtaalamu, bila kemikali na bila stima ya kutegemewa ni nyumba ya popo. Tuanze na maswali madogo yanayouma zaidi. Daktari wa kupasua maiti anakuja siku ngapi kwa wiki? Friji inafanya kazi? Jenereta ina mafuta? Sampuli hupelekwa Kisumu au Nairobi kila baada ya siku ngapi, na kwa gari gani? Maswali hayo yakijibiwa kwa maandishi, ndipo tutajua kama tunachokosa ni jengo au ni utaratibu. Tunadhani mara nyingi ni utaratibu.

Sasa akina mama, tuje kwa lile lenu. Mnajua Februari 2023 BBC ilitangaza habari za wanawake zaidi ya 70 waliosema waliharibiwa na wakubwa wao katika mashamba ya chai ya Kericho. Nchi ilishtuka, ingawa sisi tunaoishi huku hatukushtuka sana, na hilo lenyewe ni aibu. Swali ambalo halikusikika sana ni hili: mwanamke wa namna hiyo akitaka kwenda mahakamani, ana nini mkononi?

Sheria ya makosa ya ngono ya mwaka 2006 inampa mahakama uwezo wa kuamuru mshtakiwa atolewe sampuli ya DNA. Vizuri. Lakini sampuli ya mshtakiwa inahitaji kitu cha kulinganishwa nacho, na kitu hicho kinapatikana siku za kwanza tu. Kwa hivyo tunasema wazi, na msione haya kuyarudia nyumbani kwa binti zenu na kwa wavulana wenu pia, kwa sababu nao hunajisiwa. Asioge kwanza. Asifue nguo. Nguo alizovaa zikaushwe kivulini, zitiwe katika mfuko wa karatasi au bahasha kubwa ya kaki. Zisitiwe kamwe katika mfuko wa plastiki, kwa sababu plastiki hutoa jasho na ushahidi huota ukungu. Aende hospitali kabla ya masaa 72 kuisha, kwa sababu dawa ya kuzuia ukimwi baada ya hapo haisaidii. Hospitali ina fomu yake ya kujaza kwa mtu aliyebakwa, na polisi wana P3. P3 haiuzwi. Akiambiwa alipe ili apewe fomu, aombe risiti, na mtaona fomu inapatikana haraka.

Na akienda polisi asitoke bila namba ya OB. Hiyo ndiyo namba ya kitabu cha matukio. Bila namba hiyo, kesho atakuja askari mwingine aseme hajawahi kumwona.

Kuna jambo jingine tunataka mlishike, maana watu wengi wamekata tamaa kwa kutolijua. Mahakama ya Rufani ilisema mwaka 2012 kwamba ubakaji hauthibitishwi kwa DNA peke yake. Unathibitishwa kwa ushahidi. Na sheria ya ushahidi inaruhusu mahakama kumhukumu mtu kwa maneno ya aliyetendewa peke yake, ikiwa hakimu ameridhika kwamba anasema ukweli na ameandika sababu zake. Kwa hivyo mpelelezi akiwaambia "maabara haijajibu, hakuna kesi," mwambieni kwa heshima kwamba mnataka maneno hayo ayaandike. Wengi hawatayaandika.

Sasa tuvuke tuende kwenye stima. Daraja la kuvukia ni ile friji tuliyokuwa tunaizungumzia. Maiti inahitaji baridi. Damu ya sampuli inahitaji baridi. Chanjo ya mtoto inahitaji baridi. Na maziwa ya jioni, ambayo ndiyo karo ya watoto wenu, yanahitaji kushuka mpaka kama nyuzi 4 ndani ya masaa machache, la sivyo asubuhi mwenye gari anayapima anayarudisha, na mnabaki kuyanywa au kuyafanya mursik mpaka vibuyu viishe.

Sisi wa Kericho tuna sababu ya kushangaa kidogo juu ya stima. Makampuni makubwa ya chai yalijijengea mitambo yao midogo ya umeme wa maji kwenye mito hii hii tangu zamani. Mto ni ule ule unaopita kwetu. Kwa hivyo hatuwezi kuambiwa kwamba nchi hii haina maji au haina mteremko. Serikali ilianza mpango wa stima vijijini mwaka 1973. Sheria ya kawi ya 2006 ikaunda mamlaka ya stima vijijini, ambayo ilianza kwa kupeleka stima kwenye masoko, shule za sekondari na vituo vya afya. Ndiyo maana mpaka leo mnaona shule inawaka taa na nyumba iliyo ng'ambo ya ua inawasha koroboi. Mwaka 2015 ukaja mpango wa Last Mile: yeyote aliye ndani ya mita 600 kutoka kwenye transfoma aunganishwe kwa shilingi 15,000, badala ya 35,000 za awali, na wengine wakaruhusiwa kulipa kidogo kidogo. Sheria mpya ya 2019 ikaigeuza ile mamlaka kuwa shirika la stima vijijini na kawi mbadala, ambalo watu huliita REREC.

Sasa shikeni hapa. REREC ndiyo hujenga laini vijijini. Kenya Power ndiyo husambaza stima, huuza tokeni na hurekebisha kinachoharibika. EPRA ndiyo mamlaka inayosimamia kampuni hizo na kupokea malalamiko ambayo hayakutatuliwa. Kaunti nayo ina sehemu yake katika mipango ya stima na taa za sokoni. Pesa za maendeleo ya eneo bunge nazo zimetumika kununua transfoma, mbunge akitoa kiasi na REREC ikiongeza kiasi sawa. Mheshimiwa akija kusema "nimewaletea transfoma", mpigieni makofi, kisha muulizeni kwa upole ni ya pesa gani: ya eneo bunge, ya REREC, au ya nusu kwa nusu. Si kumvunjia heshima. Ni kwa sababu mkijua pesa ilitoka wapi, mnajua mtamwandikia nani itakapoungua.

Na itaungua, kwa sababu mita 600 ni habari ya umbali, haisemi habari ya mzigo. Chukueni transfoma ndogo ya kijiji, ya KVA 25. Kinu cha posho chenye mota ya nguvu za farasi 20 kinakula kama kilowati 15. Hapo zaidi ya nusu ya transfoma imekwisha, na bado hamjawasha nyumba hata moja, wala pasi, wala welding ya kijana wa sokoni. Tena kinu na tangi kubwa la kupozea maziwa kwa kawaida vinahitaji laini ya nyaya tatu zenye moto, ile wanayoiita thrii-fezi. Vikundi vingine hununua tangi kwanza, ndipo vinaambiwa laini iliyofika kijijini ni ya wazi mmoja. Kwa hivyo kabla ya kuchanga hata shilingi moja ya mashine, ulizeni kwa maandishi: laini yetu ni ya namna gani, na transfoma yetu ina uwezo gani, na imeshabeba mita ngapi? Hilo swali linajibika kwa mstari mmoja.

Kuhusu ule mchango wa kuharakisha, tunajua mmechanga. Hata sisi tumeombwa. Kericho tuna chai ya kutosha, hatuhitaji kumnunulia mtu wa ofisi chai nyingine. Sheria yetu ya vikundi iwe hii: pesa yoyote inayolipwa kwa ajili ya stima iende kwa akaunti ya kampuni yenyewe na irudi na risiti yenye jina la kikundi. Mtu akisema hakuna risiti, basi na pesa hakuna.

Mnakumbuka usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, stima ilipopotea karibu nchi nzima? Uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ulikaa gizani na abiria wakapigwa picha wakimulika kwa simu. Siku iliyofuata mkuu wa mamlaka ya viwanja vya ndege aliondolewa kazini. Hatufurahii mtu kupoteza kazi. Tunauliza tu: giza la masaa machache kwa wasafiri lilipata mwenyewe kabla ya siku kuisha. Giza la miezi minne kwa kijiji cha wakulima wa maziwa, mwenyewe ni nani? Tofauti ni kwamba giza la uwanja wa ndege liliandikwa, likapigwa picha, likawa na saa na tarehe. Letu tunalielezana tu kwenye foleni ya maziwa.

Ndiyo maana tumekuja na karatasi.

Kuna sheria ya mwaka 2016 ya haki ya kupata habari, iliyotokana na kifungu cha 35 cha Katiba. Wengi hawaijui, nayo imeandikwa kana kwamba aliyeitunga alikuwa anawafikiria watu wa Kedowa. Inasema mwananchi anaweza kuomba habari kutoka ofisi yoyote ya umma, kwa maandishi, kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Kwa Kiswahili! Hamhitaji kumtafuta mwalimu awaandikie Kiingereza cha kuogopesha. Mzee asiyejua kuandika, afisa ana wajibu wa kumwandikia. Hamhitaji kueleza sababu ya kuuliza. Mkiulizwa "mnataka za nini?", jibu ni kwamba sheria haikutudai sababu. Mkiwa mmekosea ofisi, ofisi hiyo ina siku 5 za kuipeleka barua panapohusika. Haina ruhusa ya kuwafukuza mlangoni. Kuomba ni bure. Mnaweza kutozwa gharama ya kutoa nakala tu.

Ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Jambo likihusu uhai au uhuru wa mtu, ni masaa 48. Habari ikiwa nyingi sana wanaweza kuongeza siku 14, mara moja tu. Wakikataa au wakinyamaza, mna siku 30 za kupeleka lalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile inayojulikana kama Ombudsman, nayo ina uwezo wa kuagiza mpewe.

Sasa kuuliza kwenyewe. Tumeona barua za vikundi zinazoanza, "Sisi wananchi wa hapa tumesahaulika kwa muda mrefu na tunaomba serikali ituangalie kwa jicho la huruma." Ni maneno ya kweli, lakini afisa hana la kujibu. Atasema amewaangalia. Afadhali barua iwe namna hii:

"Sisi kikundi cha (jina na namba ya usajili), wodi ya (jina), tunaomba habari zifuatazo chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Transfoma iliyo karibu na (shule au soko) iliacha kufanya kazi tarehe (andika). Tuliripoti tarehe (andika) tukapewa namba (andika). Je, imepangwa kubadilishwa tarehe gani? Kazi hiyo amepewa nani? Transfoma mpya itakuwa na uwezo gani? Katika mwaka wa fedha huu, wodi yetu imetengewa transfoma ngapi, za kiasi gani cha pesa, na zimewekwa wapi?"

Mnaona? Hakuna tusi, hakuna machozi, na kila swali linajibiwa kwa namba, jina au tarehe. Ya mochari iende kwa kaunti, kwa afisa mkuu wa afya, na iwe fupi vile vile: mochari ina nafasi za miili mingapi, friji ngapi zinafanya kazi leo, jenereta ilitiwa mafuta mara ya mwisho lini, daktari wa uchunguzi wa maiti yuko siku gani, na ada ni kiasi gani kwa siku. Ile ya sampuli iandikwe na familia yenyewe, kikundi kikisaidia, iende kwa mkuu wa kituo cha polisi: sampuli ya kesi ya OB namba fulani ilitumwa lini, ilipokewa na maabara gani, kwa namba gani ya maabara? Msiulize matokeo ni nini, kwa sababu mengine ni ya mahakama. Ulizeni safari ya chupa. Mpelelezi akijua familia inaifuata chupa, chupa husafiri.

Muweke majina ya maafisa watatu wa kikundi na namba za vitambulisho. Barua isiwe ya mtu mmoja, hasa ile ya polisi. Mtu mmoja hutishwa, kikundi chenye cheti ni vigumu kutishwa. Wala isipitie kwa mgombea yeyote wa kiti. Msimu wa kura ukifika mtaona watu wanaipenda sana barua yenu ghafla. Waambieni nakala watapata, lakini ya kwanza inabaki na muhuri wa ofisi na muhuri wa kikundi.

Barua zikinyamaziwa, kuna ngazi nyingine. Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni, na sheria ya serikali za kaunti ya 2012 inawapa haki hiyo hiyo kwa bunge la kaunti. Mbunge naye anaweza kuuliza swali Bungeni, na jibu likaandikwa katika Hansadi ambayo yeyote anaweza kuisoma. Lakini ombi bila barua za kwanza ni dhaifu. Ukienda Bungeni na barua mbili zilizopigwa muhuri na hakuna jibu lolote, hilo ni ombi lenye meno.

Hatuwaahidi kwamba transfoma itakuja wiki ijayo. Wengine mtaandika mara tatu. Wengine mtapata jibu la kuudhi, kwamba hakuna pesa zilizotengwa. Hilo nalo ni jibu, kwa sababu mikutano ya bajeti ya kaunti huitwa kila mwaka, na mtu akienda kule na karatasi inayosema "hakuna pesa zilizotengwa" anakaa mbele ya meza kwa namna tofauti na aliyekwenda kula soda.

Karatasi za mfano ziko kwa katibu pale mezani, ni bure. Kila kikundi kichukue mbili, ya kutuma na ya kupigiwa muhuri ibaki kwenu. Wale wa maziwa waandike ya stima, wale wa akina mama waandike ya mochari, na kama kuna familia hapa inayongoja majibu ya maabara, ibaki kidogo tukimaliza, tutaketi nayo pembeni tuandike pamoja, mlango ukiwa umefungwa. Tarehe mtakayopeleka barua iandikeni nyuma ya kadi ya kikundi, muhesabu siku 21. Kikao kijacho mje na nakala zenu, zilizojibiwa na ambazo hazijajibiwa.

Sasa tunaona yule mama mwenye leso ya manjano ameinua mkono tangu tulipotaja P3. Mama, simama tukusikie.